Kopo la Samaki: Karibu Miaka Arobaini ya Mgahawa wa Familia Yetu Kirumba

Mara tatu au nne kwa mwaka hunijia mtu aliyestaafu na kupata kiinua mgongo chake, au kijana aliyerudi Mwanza na mtaji mdogo kutoka machimboni Geita, akitaka nimweleze namna ya kufungua mgahawa wa samaki pamoja na ndugu zake. Huniuliza kuhusu viungo, kuhusu bei ya karai kubwa, kuhusu mahali penye wapita njia wengi, na wapo wanaotaka kujua kama ni kweli kwamba mama yangu huweka kitu cha siri katika pilipili yake. (Hakuna siri. Ni pilipili mbuzi, kitunguu saumu, ndimu na chumvi, ila husagwa asubuhi ileile.) Hadi leo sijaulizwa swali ambalo naona ndilo lingetangulia yote, yaani pesa ya kununulia samaki wa kesho italala kwa nani usiku wa leo. Kila nilipojaribu kulieleza jambo hilo kwa kifupi sikueleweka, kwa hiyo nimeamua kulieleza kwa njia ndefu, kwa kufuata historia ya mgahawa wetu wenyewe pamoja na makosa yake.

Mama alianza mwaka 1986, akiwa na karai moja, majiko mawili ya mkaa na benchi aliloazimwa na fundi seremala, kando ya njia inayoteremka kuelekea mwalo wa Kirumba, mahali wavuvi wanapoteremshia samaki na kuwauza. Baba alikuwa mvuvi wa nyavu za makila, zile zinazotegwa majini ili samaki wajinase wenyewe. Wakati huo ziwa lilikuwa limebadilika mbele ya macho ya wazee. Sangara, ambaye alipandikizwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, alikuwa amefika katika Ghuba ya Mwanza na kuongezeka kwa kasi ambayo hakuna mvuvi aliyeitarajia, huku furu wa aina nyingi waliokuwa wakijaza nyavu za babu wakitoweka mmoja baada ya mwingine, na ngege, ambaye ndiye watu wa zamani walimhesabu kuwa samaki hasa, akiwa adimu. Wateja waliozoea ngege na ningu walimkataa sangara kwa sababu ya mafuta yake. Walisema anakinaisha, na wengine walimwita samaki wa watu wasiojua samaki.

Mama alimnunua hivyohivyo, kwa kuwa alikuwa rahisi, kisha akajifunza kumpika. Alikata vipande vinene kuliko kiganja, akavipaka chumvi na ndimu, akaviacha juu ya chekeche la waya hadi maji yote yachuruzike, halafu akaviweka katika karai lenye mafuta kidogo tu, moto ukiwa wa wastani, ngozi ikiwa chini. Sangara alianza kutoa mafuta yake mwenyewe, na kipande kikamalizia kuiva ndani ya mafuta hayo, kikawa kikavu nje na chenye majimaji ndani. Hadi leo nikiwafundisha wapishi wapya nawakataza kuvigeuza vipande kabla ngozi haijajiachia yenyewe kutoka kwenye karai, kwa sababu mpishi mwenye haraka huacha nusu ya ngozi chini, na mteja wa Kirumba huanza na ngozi.

Sasa nifike kwenye kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, lenye mfuniko wa kubana, na lilikaa juu ya kabati la vyombo. Kila jioni, kabla mtu yeyote nyumbani hajala wala kuomba nauli ya shule, mama alihesabu pesa ya samaki wa kesho, akaongeza ya barafu, ya mkaa na ya mafuta, akaitia humo na kufunika. Kilichobaki nje ya kopo ndicho kilichokuwa chetu. Siku nyingine kilichobaki hakikutosha hata sukari, na tulikunywa chai chungu huku tukilitazama kopo lililojaa. Nilipokuwa mdogo niliona huo ni ukatili. Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba baba naye alilipwa kutoka kwenye kopo hilo kama mvuvi mwingine yeyote, kwa bei ya mwaloni ya siku hiyo, na alipoleta samaki aliyelegea mama alimrudishia mbele yetu. Walinuniana siku nzima kwa ajili ya samaki wawili. Hata hivyo kesho yake baba alileta samaki wazuri, na akalipwa.

Utaratibu huo ulipimwa mwaka 1996. Tarehe 21 Mei meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imebakiza mwendo mfupi tu kufika Mwanza, na mamia ya watu walipoteza maisha. Mji mzima ulikuwa msibani, na wengi wa waliofariki walizikwa Igoma, mahali ambapo mnara wa kumbukumbu upo hadi leo. Katika siku zilizofuata wateja wetu waliacha kula samaki. Sitarudia maneno waliyosema, kwani kila mtu wa Mwanza wa umri wangu anayajua, na wafiwa bado wapo. Mama hakubishana nao wala hakushusha bei. Alichukua pesa iliyokuwa kwenye kopo, ambayo kwa wakati ule ilitosha manunuzi ya karibu wiki mbili, akanunua maharage, mahindi ya makande na mifupa ya ng'ombe ya supu, na kwa miezi kadhaa tukawa mgahawa wa makande. Majirani wawili waliokuwa wakinunua samaki kwa mkopo wa asubuhi na kulipa jioni walifunga kabisa. Walipika vizuri kuliko sisi. Mmoja wao, nakiri, alipika vizuri zaidi hata ya mama. Walichokosa ni akiba ya kubadilishia chakula. Tulipata tena msiba wa namna hiyo Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na Ukara, na safari hiyo tulijua la kufanya: tuliandaa maharage siku ileile ya pili, bila kusubiri wateja watukimbie.

Kwa hiyo kwa yule anayeniuliza aanze na mtaji kiasi gani, jibu langu ni hili: hesabu gharama ya samaki, barafu, mkaa na mafuta kwa siku moja, uzidishe kwa kumi na nne, na usifungue mlango hadi kiasi hicho kiwe pembeni baada ya kulipa kodi ya fremu na vyombo. Na uwe na chakula cha pili ambacho mpishi wako anakiweza kweli, si cha kuandikwa tu ubaoni.

Kosa letu kubwa la kwanza tulilifanya kwa kufurahia bei. Katika miaka ya 1990 viwanda vya minofu viliongezeka Mwanza, na sangara mzuri alianza kuondoka mwaloni moja kwa moja kwenda kiwandani na kisha Ulaya, huku wenyeji wakiachiwa mapanki, yaani mifupa na kichwa kilichobaki baada ya minofu kutolewa. Bei yetu ya manunuzi ilipanda kila msimu. Kisha mwaka 1999, baada ya vizuizi vingine vya miaka miwili iliyotangulia, Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kufuatia taarifa za uvuvi wa sumu, na sangara waliokuwa wakigombaniwa na mawakala wa viwanda wakawa wanauzwa mwaloni kwa bei ambayo hatukuiona kwa miaka. Tulinunua friza iliyokwisha kutumika, tukaijaza sangara hadi mfuniko ukagoma kufunga, na kopo likabaki tupu kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Umeme ulikatika kwa siku mbili. Friza ile, ambayo hata kwenye umeme haikuwa na nguvu ya kugandisha samaki wengi kwa pamoja, ikageuka sanduku la maji ya damu, na tukawazika samaki hao nyuma ya nyumba usiku, kwa aibu.

Tangu hapo hatugandishi samaki wa kukaanga. Samaki anayegandishwa polepole katika friza ya kawaida hutoa maji anapoyeyuka, na nyama yake huwa kama pamba iliyolowa. Hakuna kiungo kinachoweza kulificha jambo hilo. Tunatumia barafu, kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, katika sanduku lenye tundu chini la kutolea maji, tabaka la barafu kwa tabaka la samaki. Watu wengi huweka barafu juu tu, kisha hushangaa kwa nini samaki wa chini wananuka kabla ya saa nane mchana.

Kuhusu kununua naweza kusema mengi, kwa sababu hapo ndipo mgahawa wa samaki unapopata au kukosa faida yake, na jikoni ni kumalizia tu. Ukifika Mwaloni Kirumba alfajiri, usianze na bei. Tazama macho ya samaki kama yametokeza na kung'aa au yamezama na kuingia ukungu. Funua mashavu uone kama ni mekundu yenye ute mwepesi au yameanza kuwa ya kahawia. Bonyeza tumboni kwa kidole gumba, na nyama ikibaki na shimo mrudishe alipo. Wauzaji wengine huwamwagia samaki maji kila dakika ili wang'ae, kwa hiyo ngozi inayong'aa haikuambii chochote. Jua pia mwezi uko wapi. Siku za mbalamwezi kali wavuvi wa dagaa hupumzika kwa kuwa taa zao hazivuti dagaa, na wenye makila nao hulalamika kwamba samaki huziona nyavu, basi bei hupanda. Mwenye kopo lenye pesa ya siku moja tu hukwama hapo, huku mwenye kopo lenye siku kumi na nne hulipa bei ya mwezi bila kuwapandishia wateja, kisha hurudisha pesa hiyo giza linaporudi.

Uhesabu pia kile kinachofika kwenye sahani, wala si kile kilichopimwa kwenye mizani. Sangara wa kilo nne ukimtoa minofu hupati hata kilo mbili, na muuzaji amekwisha kuyatoa mabondo yake, yaani vifuko vya hewa vya tumboni, ambayo siku hizi yana thamani kuliko nyama. Ukipanga bei ya sahani kwa kugawa bei ya kilo nne kwa nne, utauza sana na kufilisika. Sisi huokoa hesabu kwa kichwa, ambacho hupikwa supu ya asubuhi kwa madereva na wapakuaji wa mizigo, na supu hiyo pekee imewahi kulipa kodi ya fremu kwa mwaka mzima.

Kwa sato jambo la kuangalia ni urefu. Sheria inakataza sato aliye chini ya sentimita 25 na sangara aliye chini ya sentimita 50, na mwenye mgahawa hawezi kujitetea kwamba yeye hakuvua. Mwaka 2018, wakati wa operesheni kali dhidi ya uvuvi haramu, hata samaki waliopikwa kwenye kantini ya Bunge mjini Dodoma walipimwa kwa rula, na nchi nzima ikajadili. Kwetu walikutwa sato watano wafupi, nasi tulilipa faini. Nilikasirika wakati ule, lakini ukweli ni kwamba niliwanunua nikijua, kwa kuwa walikuwa rahisi na walienea vizuri kwenye sahani ndogo. Siku hizi rula ya mbao imefungwa kwa kamba kwenye kapu la kununulia. Tunanunua pia sato wa vizimba, yaani wanaofugwa ndani ya nyavu ziwani, ambao hulingana ukubwa na hupatikana hata siku za upepo mkali, ingawa wateja wangu wazee huwatambua kwa tonge la kwanza na kuniuliza nimewatoa wapi.

Kosa la pili halikuhusu samaki hata kidogo. Baba alifariki mwaka 2005, na mama, ambaye alikuwa amechoka, alianza kuniachia jiko na kumwachia kaka yangu mkubwa hesabu. Kaka ni mtu mwema na mwenye maono. Mwaka 2012 aliona kwamba abiria wa MV Victoria waendao Bukoba hufika bandarini mapema jioni wakiwa na njaa, akafungua tawi karibu na Bandari ya Mwanza Kaskazini, na mtaji wa tawi hilo akautoa kwenye kopo. Hakuiba, aliandika hata karatasi ndogo yenye kiasi na tarehe akaiacha humo. Sote tuliiona karatasi hiyo na hakuna aliyesema neno, kwa sababu alikuwa mkubwa na kwa sababu tawi lilianza vizuri. Mwaka 2014 meli iliacha kufanya kazi kwa ubovu, na ilirudi majini mwaka 2020 tu, baada ya ukarabati mkubwa. Abiria wa jioni walitoweka katika wiki moja. Tawi likawa linalishwa na Kirumba, Kirumba ikaanza kununua samaki kwa mkopo, na wavuvi waliokuwa wakimuuzia mama tangu enzi za baba wakaanza kupeleka samaki wao wazuri kwa wengine na kutuletea sisi waliobaki.

Karatasi zikaongezeka. Kulikuwa na ya ada ya shule ya mtoto wa mdogo wangu, ya mchango wa harusi, ya matibabu ya shangazi, ya bodaboda ambayo binamu angeirudisha baada ya miezi mitatu. Kila karatasi ilikuwa na sababu ambayo mtu mwenye utu hawezi kuikataa, na hilo ndilo linalofanya mgahawa wa familia uwe mgumu kuliko wa mtu mmoja, kwa kuwa anayekuja kuomba ni ndugu mwenye shida ya kweli, na ukimnyima utamkuta kesho kwenye kikao cha ukoo.

Tulikaa kikao mwaka 2015, nyumbani, kuanzia asubuhi hadi magharibi. Mama alimwaga karatasi zote mezani akanitaka nizisome kwa sauti, moja baada ya nyingine, bila kutaja nani mwenye kosa. Nilisoma hadi sauti ikakauka. Hatukuzijumlisha hadi mwisho, na tulipozijumlisha kaka alitoka nje akakaa kwenye gari kwa muda mrefu. Tuliyokubaliana siku ile ndiyo tunayoyafuata hadi leo. Kila ndugu anayefanya kazi analipwa mshahara ulioandikwa, hata kama ni mdogo, na asiyefanya kazi halipwi. Ndugu akila, chakula chake kinaandikwa, na mwisho wa mwezi kinakatwa kwenye fungu la ukarimu tulilolitenga kwa ajili hiyo. Fungu likiisha, anayekula analipa. Shangazi mmoja alisusa kwa zaidi ya mwaka kwa sababu ya sharti hilo, na sijui kama nilikuwa sahihi kumtumia mhudumu amweleze badala ya kwenda mwenyewe. Shida za familia zina akaunti yake, inayopokea sehemu ya faida baada ya kopo kujaa, kamwe si kabla. Tawi la bandarini tulilifunga mwezi uleule.

Kuna jambo ambalo tulipatia, nalo ni sifa ya mama peke yake. Mwaka 2011 tulishawishiwa kununua kiwanja ufukweni kabisa, mahali ambapo wateja wangekula huku miguu ikikaribia maji. Sote watoto tulikitaka. Mama alikumbuka alivyosimuliwa na babu jinsi ziwa lilivyopanda baada ya mvua za Uhuru za mwaka 1961 na kutorudi upesi, akakataa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, jambo ambalo muuzaji hakulitaja. Mwaka 2020 maji yalipopanda kuliko kumbukumbu za wengi wetu, niliona paa la kibanda kilichojengwa pale likiwa peke yake juu ya maji. Kabla ya kununua eneo la pwani ya ziwa, tafuta mzee wa mtaa huo umuulize maji yaliwahi kufika wapi.

Mambo ya karatasi za serikali nitayapita haraka kwa kuwa yanaeleweka: sajili jina la biashara, kata leseni ya halmashauri, na hakikisha kila anayeshika chakula amepimwa afya kwa wakati. La kuongeza ni kwamba jina lililoandikwa kwenye usajili ndilo litakaloulizwa siku ya mirathi. Sisi tulifanya mabadiliko mama akiwa hai na mwenye akili timamu, akakaa mezani na kusema mwenyewe nani ana nini, na aliyekuwa na neno akalisema palepale.

Siku hizi kopo ni laini ya simu ya peke yake, ambayo haina jina la mtu yeyote wa familia bali la mgahawa, na namba ya siri tunaijua wawili, mimi na mpwa wangu anayesomea uhasibu. Kopo lenyewe lipo kaunta, limejaa vijiti vya meno. Kaka amerudi kazini na ndiye anayeamkia Mwaloni, kwa sababu anajua samaki kuliko sisi sote na wavuvi wanampenda. Hulipwa kila Jumamosi na husaini daftari kama mtu mwingine. Wiki iliyopita nilimrudishia sato watatu waliolegea, mbele ya wahudumu, naye hajaniongelesha tangu siku hiyo zaidi ya salamu.